Moki ya sevisi inarudisha null kwenye testi ya kontrola, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nina kontrola ya Spring Boot (fremuweki ya Java) inapokea oda ya JSON halafu inaita sevisi iihifadhi, sasa kwenye testi nimemoki hiyo sevisi (yaani nimeweka sevisi bandia mahali pake) kwa Mockito nikaiambia ikipewa oda fulani irudishe oda yenye namba 7, lakini MockMvc (inayotuma ombi la majaribio kwa kontrola) inanipa 200, yaani imefanikiwa, na bodi tupu kabisa!! Nimedibagi, kumbe moki inarudisha null (yaani hakuna kitu). Nikiweka any() (yaani moki ikubali oda yoyote) testi inapita, ila naona kama najidanganya maana hata kontrola ikipeleka oda yenye data mbovu itapita tu. Klasi ya oda haina equals (metodi ya kulinganisha oda mbili kwa data zake), kwa hiyo Mockito inaona oda iliyotoka kwenye JSON siyo ile niliyoiambia, nahisi mchawi ndo huyo.

Sasa niandike equals kwa ajili ya testi tu, au nibaki na any() halafu nitumie ArgumentCaptor (inayonasa oda iliyopelekwa kwenye moki) kuikagua?