Mjadala: Kituo cha mafunzo ya bahari kikichakaa, kibomolewe au kitengenezwe?

Mleta hoja: Jengo la kufundishia mazingira likiwa ufuoni, kama katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, kisha likachakaa, libomolewe au litengenezwe pale pale? Msimamo wangu ni kwamba lijengwe jipya, tena nyuma ya mivinje na si ukingoni mwa maji, kwa kuwa hewa ya chumvi hupenya ndani ya zege, ikavitia kutu vyuma hata vikavimba na kuzipasua nguzo, na fundi yeyote wa hapa anajua kwamba kuupiga plasta ufa wa namna hiyo ni kutupa pesa. Hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza za bahari barani Afrika, haifai kuwa na darasa linalomdondokea mwanafunzi.

Mchangiaji wa kwanza: Kuhusu kutu sibishani nawe, ndugu. Ninachohofia ni jengo zuri lenye mafunzo yale yale: picha za samaki ukutani na gamba la kasa mezani. Matumbawe mengi ya hapa yalipauka na kufa mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi wakati wa El Niño; na katika msimu wa kaskazi maji ya Mto Sabaki husukumwa kusini kuelekea hifadhini, yakiwa yamebeba udongo uliomomonyoka kutoka mashamba ya bara. Mtoto wa Malindi, ambaye huiona bahari ikigeuka rangi, ana haki ya kuelezwa udongo huo umetoka wapi na unayafanya nini matumbawe, na kazi hiyo yataka mwalimu na mashua kabla ya kutaka kuta. Aajiriwe mwalimu kwanza, ndipo tumuulize anahitaji chumba cha ukubwa gani.

Mchangiaji wa pili: Wavuvi je? Ndani ya hifadhi hawaruhusiwi kutega hata dema moja. Ibara ya 69 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kuyasimamia mazingira, kwa hiyo viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo) waitwe kabla ramani haijachorwa, wasialikwe siku ya kukata utepe (tumeshazoea mialiko ya aina hiyo).

Mleta hoja: Waitwe, na mwalimu atangulie, hayo nayakubali. Lakini kusi ikivuma, bahari ikachafuka na mvua ya masika ikawa inanyesha, mashua haitoki. Siku hiyo watoto mtawafundishia wapi?