Naomba ushauri: nifundisheje ufumaji wa Bauhaus bila wanafunzi kuishia kunakili miraba?

Mwalimu wa Sanaa: Wanajukwaa, salaam. Nafundisha chuoni, na muhula ujao nimekabidhiwa somo la ufumaji. Nimekusudia kuanzia Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, kwa kuwa karakana yake ya ufumaji ingali inaathiri sanaa ya nyuzi na namna inavyofundishwa. Hofu yangu ni kwamba wanafunzi wakiona picha za kazi za Gunta Stölzl na Anni Albers, wafumaji wa karakana hiyo, watachora miraba ya rangi kwenye karatasi, kisha wazilazimishe nyuzi kuufuata mchoro. Je, nitangulize historia au kitanda cha mfumi?

Mtande na Mshindio: Mwalimu, tanguliza nyuzi. Bauhaus ilipofungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi, Albers alihamia Marekani akafundisha Black Mountain College, North Carolina, hadi 1949. Huko aliwataka wanafunzi wajione wako jangwani Peru katika zama za kale, hawana nguo wala chombo, kisha wajiulize waanzie wapi. Kwa maoni yangu, urithi wa shule ile umo zaidi katika swali hilo kuliko katika miraba, ambayo siku hizi hata viwanda vya mazulia huichapa tu.

Msomaji wa Historia: Naunga mkono, ila usiwasimulie hadithi iliyosafishwa mno. Shule ilitangaza usawa, lakini wanawake wengi walielekezwa kwenye ufumaji. Albers mwenyewe alitamani karakana ya vioo. Stölzl, aliyeiongoza karakana, alilazimika kuondoka mwaka 1931, na Otti Berger, mbunifu hodari wa vitambaa, aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1944. Vilevile wasidhani kwamba yote yalizaliwa Ulaya, kwani kitabu cha ufumaji alichokitoa mwaka 1965 Albers alikitabaruku kwa wafumaji wa Peru ya kale, akiwaita walimu wake wakuu.

Fundi Mstaafu: Mimi nina shaka kidogo. Mwanafunzi asiyejua kupitisha mshindio, yaani uzi unaokatiza nyuzi zilizotandwa, juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata hawezi kugundua mengi kwa muhula mmoja. Mfundishe misingi hiyo kwanza, ndipo umwache huru. Vitanda vikubwa si lazima: msanii wa nyuzi Sheila Hicks, aliyesoma Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa Josef Albers, mume wa Anni, amefuma kazi ndogondogo maisha yake yote kwenye fremu ya kubebeka mkononi. Mbao nne na misumari vinatosha.

Mwalimu wa Sanaa: Nashukuru sana, nitaanza na fremu. Limebaki suala la kusahihisha: kazi isiyo na mchoro wa awali nitaipimaje?

Mtande na Mshindio: Ipime kwa kile inachotakiwa kufanya. Kazi ya stashahada ya Anni Albers, ya mwaka 1930, ilikuwa kitambaa cha ukutani kwa ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau: upande mmoja selofani, yaani karatasi laini inayopitisha mwanga, iliakisi mwanga, upande wa pili ulipunguza mwangwi. Mpe kila mwanafunzi hitaji la namna hiyo, tuseme kuzuia jua la dirishani huku upepo ukipita, kisha kitundike kitambaa chake dirishani saa sita mchana mkiangalie pamoja. Uzuri wake mtaujadili baada ya hapo.