Stempu ya marehemu babu: "Bushire Under British Occupation". Ni wapi huko, na wenyeji walinyamaza tu?

Mjukuu wa Chumbageni ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Babu yetu alifariki mwaka jana hapa Tanga. Kwenye kugawana, mimi nikaangukiwa na vitu ambavyo wengine hawakuvitaka: redio mbovu, kofia mbili za viua na daftari la stempu. Nyingi nazielewa, zile za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura ya mfalme. Moja inaninyima usingizi.

Ina sura ya kijana aliyevaa kofia yenye kishungi, maandishi ya Kiajemi, na thamani yake ni 6 CH. Halafu juu ya sura ya huyo kijana wamegonga kwa wino mweusi mistari mitatu ya Kiingereza: "BUSHIRE Under British Occupation". Yaani mahali panaitwa Bushire, na Waingereza wamepakalia.

Shuleni tulifundishwa kwamba Uajemi, Iran ya leo, haikuwahi kuwa koloni la mtu. Sasa hapa walikaliaje? Na wenyeji waliona mfalme wao anagongwa wino usoni wakanyamaza? Mwenye kujua anisaidie, hata kama ni kwa ufupi.

---

Mkusanyaji Kariakoo amejibu:

Mkuu, huyo kijana ni Ahmad Shah. Alirithi kiti mwaka 1909 akiwa bado mtoto. Bushire ni Bushehr, bandari ya Ghuba. Waingereza waliuteka mji tarehe 8 Agosti 1915, wakachukua posta na stempu zilizokuwa ndani, wakazigonga hayo maneno. Mwezi Oktoba mwaka huohuo waliurudisha mji kwa Waajemi, kwa hiyo stempu hizo zilitumika miezi miwili tu.

Usichekelee bado. Stempu hii imeghushiwa sana, maana stempu halisi ya Uajemi ya wakati ule ni rahisi kuipata, kazi inabaki kugonga wino tu. Angalia herufi kwa kioo cha kukuzia. Usiisafishe, na usiibandue kwa maji.

---

Fundi Mitambo Mstaafu amejibu:

Mjukuu, pole kwa msiba, Mungu amrehemu mzee. Hakukosea kuitunza.

Mimi ni mtu wa Malindi, Unguja, nimefanya kazi melini miaka 26 chini kwenye injini. Juni 1994 pampu ilitufia Ghuba, tukavutwa mpaka Bushehr, tukakaa wiki saba tunangoja kipuri. Joto lake usiombe. Ilikuwa Muharram. Usiku wa kwanza nasikia ngoma, natoka nje, nawakuta watu weusi kama mimi wanapiga dammam kwenye uchochoro wenye nyumba za mawe na roshani za mbao. Nilisimama nikaduwaa. Wengine mababu zao walitolewa pwani yetu hii, na si kwa nauli yao wenyewe. Nahodha kule ni nakhoda, bandari ni bandar. Kwa hiyo nikawa siulizi tena nimefikaje, nauliza nani aliishi hapa.

Swali lako la kunyamaza. Hawakunyamaza. Ila ukitaka kuelewa, usianze na "Waajemi" dhidi ya "Waingereza", utapotea kama nilivyopotea mimi. Anza na barabara.

Bidhaa zilishushwa Bushehr, zikapandishwa nyumbu, zikaelekea Shiraz kwa kupanda magenge ambayo wao huyaita kotal. Ni milima ya kukata pumzi, nyumbu mmoja nyuma ya mwenzake. Kila kipande cha njia kina khan wake, yaani chifu, na kila khan ana watu wake wenye bunduki wanaodai rahdari. Wazee wetu wa misafara ya kwenda Tabora waliita hongo, kabla neno hilo halijachafuka. Mwingereza mwenye marobota ya vitambaa kutoka Manchester anaona ni wizi. Khan anaona ni haki yake toka enzi za babu. Serikali ya Tehran iko mbali, haina fedha. Mwaka 1907 Uingereza na Urusi ziliigawa nchi mafungu kwenye karatasi, kaskazini la Mrusi, kusini mashariki la Mwingereza, katikati huru, na mwenye nchi hakuulizwa. Bushehr wala haikuangukia fungu la Mwingereza! Lakini mjumbe wake mkuu wa Ghuba alikuwa amekaa pale toka karne ya 18, na manowari zikipita mbele ya mji kama daladala.

Sasa shuka kusini ya Bushehr, pwani ya Tangistan, kijiji cha Delvar. Nilikodi teksi siku ya mapumziko. Mitende, ufuo, na nyumba ya Rais Ali Delvari ambayo leo watu huenda kuiangalia. "Rais" hapa si mkuu wa nchi, na Rais Ali hakuwa khan mkubwa. Alikuwa kiongozi wa kijiji chake tu. Na pwani ile riziki yake mojawapo ilikuwa kupitisha bunduki kutoka Maskati, biashara ambayo manowari za Kiingereza ziliifungia bahari miaka michache kabla ya vita. Kwa hiyo vita kuu vilipoanza, na wanazuoni wakatoa fatwa ya jihadi, na Mjerumani mmoja anayeitwa Wassmuss akaja kuchochea, kuni zilishakauka zamani.

Julai 12, 1915 watu wa Tangistan walivamia nje ya Bushehr, maofisa wawili wa Kiingereza wakauawa. Agosti 8 Waingereza wakauchukua mji, na hapo ndipo stempu yako ikazaliwa. Siku chache baadaye manowari zikaenda kukipiga Delvar kwa mizinga, askari wakashuka, wakabomoa na kukata mitende. Elewa mtende ni nini kule. Ukimkatia mtu mtende umemkatia chakula cha wajukuu zake. Mwanzoni mwa Septemba Rais Ali aliuawa usiku mahali panaitwa Tangak, na wenyewe husimulia kwamba risasi ilitoka nyuma, kwa mtu wa upande wake.

Kwenye kurudi ndipo nikapata somo langu. Dereva alikuwa mtu wa upande wa pili, kaskazini, karibu na Bandar Rig. Kiingereza chake na Kiajemi changu vilikuwa sawasawa kwa ubovu. Tumekaa mkahawani, ameweka donge la sukari baina ya meno, anavuta chai ikipita katikati ya sukari, nami namsifu Rais Ali. Akaniacha nimalize. Halafu akasema: "Ukisikiliza hapa, babu wa kila mtu alipigana. Basi nani aliyewauzia Waingereza maji na nyumbu?" Akacheka mpaka sukari ikamtoka.

Baadaye nikaja kujua kwa nini alicheka. Khan wa upande wao, Haidar Khan wa Hayat Davud, alikuwa rafiki wa Waingereza. Yeye ndiye aliyemkamata Wassmuss mapema mwaka 1915 ili awakabidhi. Mjerumani akaponyoka usiku, akaacha mizigo yake.

Na ndivyo ilivyokuwa kusini yote. Waqashqai, wafugaji wanaosema Kituruki, walikuwa na mkubwa wao Sowlat al-Dowleh. Mpinzani wake alikuwa Qavam al-Molk, tajiri wa Shiraz aliyeongoza Khamseh, na neno hilo sisi hatuhitaji kutafsiriwa, ni hamsa, makabila matano. Muungano huo uliundwa karne ya 19 makusudi ili kuwapunguza nguvu Waqashqai. Qavam akiwa na Mwingereza, Sowlat afanyeje? Wabakhtiari nao, kabila jingine la wafugaji, mafuta yalikuwa yanachimbwa kwenye malisho yao, na tangu 1905 walikuwa na mkataba wa asilimia 3 ya hisa pamoja na posho ya kulinda visima. Sheikh Khazal wa Mohammerah, bandari inayoitwa Khorramshahr leo, aliwapa Waingereza ardhi ya kiwanda cha kusafishia mafuta pale Abadan, naye akapewa ahadi ya kulindwa. Ahadi hiyo ilimfikisha wapi? Mwaka 1925 alichukuliwa kwenda Tehran, akakaa huko chini ya ulinzi mpaka kufa. Waingereza wakatazama pembeni.

---

Msomaji wa Iringa amejibu:

Mzee, shikamoo. Umeeleza vizuri lakini mimi naona unawapamba. Kwa maelezo yako mwenyewe huyu alitaka bunduki zipite, yule hongo yake isiguswe, na mwingine anamwonea kijicho jirani. Juu yake kuna Mjerumani anagawa dhahabu. Hapo uzalendo uko wapi? Tena Mjerumani! Miaka minane tu kabla alikuwa huku kwetu anachoma mashamba ya watu kuimaliza Maji Maji. Leo tumsome kama mkombozi wa wanyonge?

---

Fundi Mitambo Mstaafu amejibu:

Marahaba kijana. Mjerumani sitamtetea, mimi bibi yangu mzaa mama ni wa Kilwa.

Lakini dhahabu ya Wassmuss haikuwa nyingi kama watu wanavyodhani. Sehemu kubwa alitoa ahadi, mtalipwa vita vikiisha. Vita vikaisha, Ujerumani ikawa haina kitu. Mwaka 1924 alirudi mwenyewe, akafungua shamba Chahkutah, nyuma ya Bushehr, akitaka mavuno yalipe madeni ya khan mmoja mmoja. Likamshinda, kesi juu ya kesi, akarudi Berlin akafa 1931. Sasa niambie, watu waliopigana miaka mitatu kwa mkopo wa mtu kama huyo, walikuwa wanapigania fedha?

Na hongo unayoidharau, mimi naiona hivi. Mtu hachukii ukoloni hewani. Anauchukia pale unapomshika. Mvuvi wa Delvar ulimshika kwenye jahazi lake, Mqashqai ulimshika barabarani. Mnamo 1916 Jenerali Percy Sykes alishuka Bandar Abbas na maofisa wachache, akaunda jeshi la Waajemi chini ya wakubwa wa Kiingereza, South Persia Rifles, wenyewe wakaliita Polisi ya Kusini. Kabla mwaka haujaisha, Naser Divan, mkubwa wa mji wa Kazerun, aliwafukuza mjini kwake, na barabara ya Bushehr ikafungwa. Yeye hakuwa mfugaji wala hakuhamahama, alikuwa mtu wa mjini. Mwaka 1918 njaa imewala watu, serikali ya Tehran nayo imelikana jeshi lile, imeliita la kigeni, ndipo Sowlat akainuka kweli. Ngome ya Khan-e Zenian, askari Waajemi wenyewe waliwaua wakubwa wao Waingereza, wakafungua lango. Shiraz ikazingirwa.

Unajua kilichowaokoa Waingereza? Qavam na Khamseh yake wakawaunga mkono, halafu Sowlat akavuliwa ukubwa, akapewa ndugu yake wa baba. Waqashqai wakagawanyika katikati ya vita. Walipojaribu kujikusanya tena, ikaingia ile homa ya mafua ya 1918, ikawapukutisha kambini. Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu: ugomvi wa ndugu uliwamaliza. Ila ugomvi huohuo ndio uliomfanya Mwingereza asiweze kuitawala nchi ile. Shah alikuwepo Tehran, lakini hakuwa mfalme ambaye ukimtilisha sahihi mkataba umemaliza kazi, kama walivyofanya kwetu Unguja. Ukimnunua huyu, jirani yake anakasirika kwa sababu umemnunua huyu. Jeshi la Sykes lilivunjwa 1921.

Hilo dereva wangu alilijua vizuri kuliko mimi. Mitende ya Delvar aliipita bila kupunguza mwendo, lakini tulipopita njia ya kwenda Borazjan alinionyesha kwa kidole shamba moja na kunieleza lilikuwa la nani na lilichukuliwaje, mambo ya miaka themanini nyuma, kwa hasira kama la juzi.

---

Mkusanyaji Kariakoo amejibu:

Mzee umenifunga mdomo. Mjukuu, kitu kimoja. Watu wa zamani waliokuwa wanapenda stempu za vita hivi hawakuishia na moja. Waingereza walifanya mchezo huohuo hapahapa kwetu: waliteka kisiwa cha Mafia Januari 1915 wakagonga "MAFIA" juu ya stempu za Mjerumani. Hizo ni adimu kweli. Hebu angalia kurasa za jirani.

---

Mjukuu wa Chumbageni amejibu:

Shikamoo Mzee Fundi, asante sana, nimesoma mara mbili. Nimempa na mama asome, anasema babu alifanya kazi posta ya hapa Tanga na alikuwa akiandikiana barua na Mhindi mmoja wa Bombay, wakibadilishana. Huenda ndiko ilikotoka.

Mkusanyaji, nimefungua ukurasa unaofuata. Chini kuna maandishi ya babu kwa penseli, "Mafia 1915", na juu yake alama mbili za gundi. Stempu hazipo. Funguo za kabati lile alikuwa nazo mjomba tangu siku ya arobaini, na leo simu yangu hapokei.