Bima ya makosa ya kitabibu katika vyuo vikuu vya umma vya Florida

Swali: Ndugu zangu, binti yangu anaanza mafunzo ya udaktari bingwa katika chuo kikuu cha umma huko Florida, Marekani. Je, mgonjwa akidai fidia, atalipa yeye?

Jibu la kwanza: Hapana. Kifungu cha 768.28 cha sheria za jimbo hilo kinasema kwamba mtumishi wa umma aliyetenda ndani ya majukumu yake hawajibiki binafsi, isipokuwa alikuwa na nia mbaya au alipuuza kabisa usalama wa watu. Hudaiwa taasisi, ambayo badala ya kununua bima sokoni hutenga fedha katika mfuko wake yenyewe.

Jibu la pili: Naongeza kuhusu kikomo cha fidia, ambacho mwaka 2011 kilipandishwa hadi dola 200,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa tukio. Hukumu ikizidi hapo, kwa kawaida mdai husubiri Bunge la jimbo limpitishie muswada wake peke yake, na kwa familia inayouguza mtoto hilo naliona zito mno.

Jibu la tatu: Mama, mwambie binti kwamba mgonjwa akipewa, kwa mfano, dozi isiyo yake, atoe taarifa mara moja kwa wasimamizi wa mfuko, wala asibadilishe alichokwisha kuandika kwenye faili.