Ushauri: Kampuni ya mikate imepewa notisi ya siku 21. Tumteue msimamizi au tusubiri?

Tanuri_Nakuru

Wakuu, naomba mwelekeo. Kampuni ni limited, inaoka na kusambaza mikate. Benki inadai milioni 14: ina dibencha (hati ya dhamana) juu ya mali yote ya kampuni, na rehani ya shamba lililo kwa jina la mkurugenzi mmoja. Wauza unga wanadai milioni 6, KRA (mamlaka ya kodi) milioni 2.3 za PAYE (kodi ya mishahara) na VAT. Mauzo yapo ila riba inameza kila kitu. Muuza unga mmoja, deni lake milioni 1.8, aliacha notisi ya siku 21 kwenye afisi iliyosajiliwa tarehe 3. Leo ni tarehe 12. Tunabishania 400,000 tu za unga uliorudishwa. Je, tumteue msimamizi, yaani mtaalamu wa kuiendesha kampuni badala yetu ili iokolewe? Na shamba litapona?

Wakili_wa_Barazani

Ndugu, anza na kalenda. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015, mdai wa shilingi 100,000 au zaidi akiacha notisi na siku 21 zikapita bila kulipwa, kupewa dhamana au kuafikiana naye, kampuni inahesabiwa imeshindwa kulipa madeni. Kwenu siku ya mwisho ni tarehe 24. Kuanzia hapo anaweza kuiomba Mahakama Kuu iwafilisi. Ubishi wa 400,000 haukuokoi; milioni 1.4 isiyobishaniwa inatosha na kuzidi. Kama deni lote lingekuwa na ubishi wa kweli, mngeomba amri ya kumzuia asiwasilishe ombi.

Linaloponza wengi ni hili: wakurugenzi wanaweza kumteua msimamizi bila kesi kusikizwa, lakini ombi la ufilisi likishawasilishwa njia hiyo inafungwa hadi liamuliwe. Itabidi muiombe mahakama yenyewe, mkibishana na mdai aliyewatangulia. Tena mwenye dibencha lazima apewe notisi kabla ya uteuzi, na anaweza kuitumia nafasi hiyo kumteua mtu wake. Kwa hiyo ukingoja tarehe 23 umechelewa. Msimamizi lazima awe na leseni ya ufilisi. Orodha inapatikana kwa Mpokeaji Rasmi (afisa wa serikali wa mambo ya ufilisi), chini ya BRS, idara ya usajili wa kampuni.

Akishateuliwa, benki haiwezi kuchukua tanuri wala magari, mwenye jengo hawezi kuwafukuza, na kesi zinasimama, isipokuwa msimamizi akubali au mahakama iruhusu. Hilo ndilo zuio. Muda wake ni miezi 12, na unaweza kuongezwa. Bei yake ni kwamba nyinyi wakurugenzi hamwendeshi tena kampuni bila ruhusa yake.

Shamba ni jambo jingine kabisa. Si mali ya kampuni, kwa hiyo zuio halilifuniki. Benki itaendelea na Sheria ya Ardhi ya 2012: notisi ya miezi mitatu, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, kisha dalali wa mnada anatoa siku 45. Kama hakuna notisi iliyotolewa bado, mna miezi kadhaa. Hesabuni tangu notisi ilipofika kwa mwenye shamba, na mtunze bahasha zote.

Mhasibu_Mkavu

Mimi nasema usimamizi ni mzito kwa kampuni ya ukubwa huu. Ada na gharama za msimamizi zinatoka kwenye mali ya kampuni kabla ya wadai wengi kuona chochote, na zuio halileti unga. Maduka makuu ya Nakumatt yaliingia usimamizi Januari 2018, wauzaji wakasita kujaza rafu, na 2020 wadai wakapiga kura yafilisiwe. ARM Cement, iliyowekwa chini ya usimamizi 2018, ilikuwa na viwanda vya kuuza; vyenu ni tanuri na magari.

Fanya hivi wiki hii. Andika makadirio ya fedha ya wiki 13, wiki kwa wiki, kwa kuangalia fedha inayoingia benki wala si ankara. Yakionyesha kwamba hata bila kulipa madeni ya zamani mkate unauzwa chini ya gharama, hakuna sheria itakayowasaidia. Yakionyesha ziada, nenda kwa muuza unga na mapatano ya maandishi: malipo ya kwanza sasa, awamu baadaye, unga mpya kwa fedha taslimu, na sentensi wazi kwamba anaondoa notisi. Ahadi ya simu haizuii siku 21.

Mwonyeshe pia hesabu ya mnada. Benki ina dhamana. Gharama za ufilisi zinatangulia, kisha mishahara ya miezi minne hadi 200,000 kwa kila mfanyakazi, kisha PAYE mliyokata. Akiona kinachobaki ataongea lugha nyingine.

KRA usiwaache nyuma. Ombeni kulipa kwa awamu kabla hawajapeleka notisi ya uwakala, yaani amri ya kuwalipa KRA fedha zenu moja kwa moja, kwa benki yenu au kwa maduka mnayoyadai. Ikifika, fedha za unga zinaishia huko.

Tanuri_Nakuru

Asanteni. Kuna pia 500,000 alizotukopesha kaka wa mkurugenzi. Tunaweza kumlipa kwanza, halafu tukae na wengine?

Wakili_wa_Barazani

Hapana. Huko ni kumpendelea mdai, na kwa mtu wa karibu na kampuni mfilisi (anayeuza mali ya kampuni iliyofilisiwa) anaweza kurudi nyuma miaka miwili na kuiomba mahakama irudishe fedha. Vilevile msichukue unga wa mkopo mkijua hautalipwa. Hapo wakurugenzi wanaweza kuamriwa kuchangia mifukoni mwao.

Mama_Ledger

Kabla ya kukaa na benki, fanyeni upekuzi BRS. Dhamana ya kampuni inayotakiwa kusajiliwa huko, isiposajiliwa ndani ya siku 30, haina nguvu dhidi ya msimamizi, mfilisi wala wadai wengine. Tafuteni pia kwenye rejista ya dhamana za mali inayohamishika, ya sheria ya 2017. Tarehe ya dibencha na tarehe ya usajili ziwekeni mezani bega kwa bega.