Laki nane mkononi: kamera, gitaa au darubini? Naomba ushauri wana Kigoma

MwembeWaUjiji (mwanzisha mada)
Mwakeye wakuu. Nina laki nane niliyoiweka pembeni kwa ajili ya kitu kimoja tu cha kuuburudisha moyo wangu. Biashara sitaki. Siku zote navutwa na kupiga picha, ila kuna gitaa linauzwa hapa mtaani, na jamaa mwingine ananishawishi ninunue darubini nianze kuangalia ndege. Natafuta hobi nitakayokaa nayo miaka. Kipi kinamshika mtu zaidi? Mwenye kamera ananisubiri mpaka Jumamosi.

FundiLenzi
Mkuu, umeacha yote ya muhimu. Kamera gani? Mpya au ya mtumba? Inakuja na lenzi ipi? Unataka kupiga nini: watu, ziwa, sokwe, soko? Na muda wako wa kupumzika unaangukia saa ngapi? Tujibu kwanza.

NyuziSita_Mwanga
Gitaa, na sihitaji majibu ya hayo maswali. Kamera inataka mwanga, inataka betri, inataka kadi, halafu inataka kompyuta ya kutazamia picha. Umeme ukikatika saa mbili usiku utafanya nayo nini? Gitaa unalishika gizani. Mkoa huu una historia yake pia: Shem Karenga wa Tabora Jazz alizaliwa hapahapa Kigoma. Anza na la nyuzi za nailoni, za chuma zitakuumiza vidole ukate tamaa mapema. Kila siku nusu saa, baada ya miezi kadhaa utasikia mwenyewe mkono unavyobadilika. Picha nzuri unaweza kuipata kwa bahati, lakini gitaa halimpi mtu kitu ambacho hajakifanyia kazi. Ndiyo maana linamshika.

DarubiniNaDaftari
Huyo jamaa anayekwambia darubini nampa mkono. Marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika msitu wa Gombe Julai 1960 vitu vyake vikubwa vilikuwa darubini na daftari. Mwaka huohuo akamwona sokwe akichokonoa mchwa kichuguuni kwa kijiti, na dunia ikalazimika kufikiri upya juu ya wanyama na zana. Alifika pale kwa kukaa, kutazama na kuandika. Mwenye kamera akimwona ndege anahangaika na vitufe, ndege ameruka, amebaki na picha ya tawi. Mwenye darubini amemwona ndege mzima, na amemjua mlio wake.

Ukikaa ufukweni Bangwe asubuhi na darubini ya kawaida, ile iliyoandikwa 8x42 (inakuza mara nane, kioo cha mbele kina upana wa milimita 42), utashangaa ulivyokuwa ukipita pale bila kuona kitu.

FundiLenzi
Ndugu, hapo umekata hadithi katikati. Mwaka 1962 Hugo van Lawick alipelekwa Gombe apige picha na filamu, na ni picha zake zilizowafanya watu wa mbali wauone msitu ule na wauamini. Daftari lilikuwa la sayansi, kamera ndiyo iliyowafikishia watu. Vilihitajiana.

Tumsubiri mwenye mada.

MwanaKibirizi
Mbona hakuna aliyetaja ndoana? Tuko kando ya ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina, halafu tunashauriana kununua vitu vya dukani! Mshipi, ndoana, chambo, jiwe la kukalia. Laki nane yako inabaki mfukoni. Ukimpata samaki kuhe mmoja wa maana hutauliza tena swali hili. Na jioni unakula.

DarubiniNaDaftari
Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hobi inayoweza kufungwa miezi mitatu mfululizo si ya kumshauri mtu anayetafuta kitu cha miaka.

MwanaKibirizi
Na samaki wameongezeka kwa sababu hiyo, au hukuona? Miezi hiyo unashona nyavu, unatengeneza vifaa. Kusubiri nako ni sehemu ya uvuvi. Hata wavua dagaa hukaa nchi kavu mbalamwezi ikiwa kubwa kwa sababu taa zao hazivuti samaki, wala huwasikii wakisema wameacha kazi.

MwembeWaUjiji
Samahani, nilikuwa kazini. Kamera ni Canon 600D ya mtumba, ina lenzi ya 18-55, muuzaji anasema imetumika kidogo. Nataka kupiga ziwa, watu wa sokoni, na siku moja sokwe wa Gombe.

FundiLenzi
Sasa tunaongea. 600D ni ya mwaka 2011, ina megapikseli 18, na kwa kujifunza inatosha kabisa. "Imetumika kidogo" wauzaji wote wanasema hivyo, wewe nenda na tochi. Itoe lenzi kwenye kamera, mulika kwa nyuma huku unatazama kwa mbele. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni fangasi, iache hapohapo. Kamera nyingi za huku zinaumwa hivyo kwa sababu zinakaa kwenye mkoba kabatini masika nzima, gizani na kwenye unyevunyevu. Ukishanunua, usitupe vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya, viweke kwenye mkoba wa kamera.

Halafu weka f/22, yaani tundu la lenzi liwe dogo, piga anga jeupe, ikuze picha uitazame. Madoa yanayorudi sehemu ileile kila picha ni vumbi kwenye kihisi, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha. Hilo linasafishika, litumie kushusha bei. Shata, yaani pazia linalofunguka kila ukipiga picha, kwa kamera za daraja hili hukadiriwa kama mizunguko laki moja, na zipo programu za kompyuta zinazosoma imeshafika wapi. Muuzaji akikataa usiikague, umeshapata jibu.

Kuhusu sokwe, nikueleze ukweli: 18-55 haivuti mbali, haitakufikisha. Msitu una giza, sokwe ni mweusi, flashi hairuhusiwi, na kanuni zinakutaka ukae mbali naye. Kamera nayo ikimwona mweusi inadhani mwanga hautoshi, inaongeza, sokwe anatoka wa kijivu. Inabidi uishushe wewe mwenyewe. Anza na soko la Mwanga na lenzi ya 50mm f/1.8, ndiyo ya bei nafuu kuliko zote na itakufundisha kuwasogelea watu kwa miguu yako.

PichaZaJana_Mwandiga
Dada au kaka, kabla hujalipa nisikilize mimi niliyepitia. Nilianza kwa mapenzi kabisa. Alfajiri nashuka Kibirizi, mitumbwi inaingia, akina mama wanamwaga dagaa wanaanika, moshi wa chai unapanda. Natoka pale na picha mbili tatu na siku nzima moyo mweupe. Sikuwa namwonyesha mtu.

Shangazi akaniona. Akasema kwenye sendofu ya binti yake nije na kile kidude changu. Nilikwenda kwa furaha, na tangu siku ile kamera haikuwa yangu tena. Kipaimara, mahafali, mahari, arobaini ya msiba, wote "njoo na kamera". Hakuna anayelipa kwa kuwa wewe ni wa nyumbani, na kila mmoja anazitaka picha kesho yake zikiwa zimesafishwa. Jumapili zangu zikaisha. Ile alfajiri ya Kibirizi nikawa nimelala kwa sababu usiku wote nilikuwa nawapunguzia watu wekundu wa macho kwenye picha.

Ikaja harusi ya binamu. Kamati ikanichagua bila kuniuliza, ikaniambia pia betri yangu ya akiba nimwazime kijana wa video. Maharusi wanaingia ukumbini, muziki umepanda, watu wamesimama, kamera ikazima. Kijana wa video yuko jukwaani, hasikii. Picha za kuingia hazipo mpaka leo. Niliitwa kikaoni, wakanihoji kana kwamba nimekula michango. Bibi harusi, niliyemlea kwa mgongo huu, hakunisemesha muda mrefu sana, na mama yake akanitangaza ukoo mzima kuwa nimewaharibia kumbukumbu. Kazi ya bure, ambayo sikuiomba!

Hiyo ndiyo tofauti ya kamera na hobi nyingine zote mlizotaja. Ukipiga gitaa vibaya unajiudhi mwenyewe. Ukikosa samaki unarudi mikono mitupu. Picha ina mtu mwingine ndani yake, na huyo mtu anaidai. Yangu iko kabatini, na kwa maelezo ya FundiLenzi nahisi fangasi wameshahamia.

MamaKatonga
Pole sana ndugu yangu, walikutendea visivyo. Lakini niseme jambo. Bibi yangu picha yake ni moja tu, aliipiga kijana wa jirani kwenye arobaini ya babu, bila malipo, kama wewe. Amekaa mkekani anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha. Wajukuu wanamjua bibi kwa picha hiyo. Yule kijana hajui alitupa nini. Usiseme kazi yako ilikuwa bure.

Kamati za harusi ziwekewe mipaka, hilo naunga mkono. Mwenye kamera aseme mapema kwamba yeye anakuja kula pilau.

NyuziSita_Mwanga
Mama Katonga, hata gitaa linabaki. Wimbo unafundishwa mtoto.

PichaZaJana_Mwandiga
Mama, umenigusa. Ila kuirudia, bado sijui.

FundiLenzi
Mwenye mada, swali moja hujajibu. Muda wako wa mapumziko ni lini?

MwembeWaUjiji
Mimi ni nesi, nafanya kwa zamu. Kuna wiki natoka saa tisa na nusu alasiri, kuna wiki naingia usiku natoka asubuhi kwenye saa mbili. Kwa hiyo sina ratiba moja. Na ndiyo, ni dada.

FundiLenzi
Dada, hili ungelisema mwanzo! Limebadilisha ushauri wote. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi na saa tunayotumia ni ileile ya Dar, kwa hiyo jua kwetu linachelewa kama dakika arobaini. Linazama karibu saa moja jioni. Wiki ya zamu ya mchana una zaidi ya saa tatu za mwanga baada ya kazi, na saa ya mwisho ndiyo tamu kuliko zote. Wenzako wa pwani hawana hiyo.

Wiki ya usiku ukitoka saa mbili, jua limetoka muda si mrefu, bado liko chini, linatokea nyuma ya vilima na kuipiga mitumbwi usoni. Rangi zote unaziona, rangi za mbao, za vitenge, za nyavu. Jioni ni kinyume: jua liko mbele yako upande wa Kongo, watu wanageuka vivuli vyeusi, na hapo unapiga maumbo. Pwani hiyohiyo, picha mbili tofauti kabisa. Julai na Agosti ukungu wa moshi na vumbi unaficha milima ya Kongo usione hata mstari. Mvua zikishaanza na anga kuoshwa, milima inasogea mpaka unahisi unaweza kuigusa. Mimi mwenyewe sijachoka kuingojea siku ya kwanza milima inapotokea, kila mwaka natamani ifike.

DarubiniNaDaftari
Mtu aliyekesha wodini usimpeleke ufukweni kupambana na f/22. Anahitaji kukaa kimya na kutazama. Narudia: darubini.

NyuziSita_Mwanga
Na aliyelala mchana akaamka saa kumi na mbili jioni? Gitaa.

RelimwishoKigoma
Dada ukinunua kamera, bandarini na stesheni usianze kupiga tu, omba ruhusa kwanza, utajiepushia maswali. Ukipata ruhusa ipige Liemba. Meli ya mwaka 1914 ile, haina mwenzake.

MwanaKibirizi
1914 ni reli ndiyo iliyofika Kigoma. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913.

RelimwishoKigoma
Ilijengwa ikafunguliwa vipande, ikaja kwenye masanduku, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Kwa hiyo kwetu ilizaliwa 1915.

MwanaKibirizi
Na 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Utahesabu kuzaliwa mara ngapi?

RelimwishoKigoma
Wazee wetu waliounganisha yale mabati wanastahili mwaka wao uandikwe. Kwangu ni 1915 na sitabadilika.

MamaKatonga
Mnaona? Mngekuwa na picha za siku hiyo mngekuwa hamgombani.

DarubiniNaDaftari
Au daftari.

MwembeWaUjiji
Asanteni wote, nimesoma mpaka maneno ya mwisho. Nimempigia muuzaji, amekubali niikague. Jumamosi naingia usiku, kwa hiyo nitapita kwake mchana na tochi. Nikikuta nyuzinyuzi naiacha. Kuhusu sendofu, PichaZaJana, nimekusikia, na kwetu mashangazi ni wengi. FundiLenzi, hiyo 50mm inapatikana hapa mjini au niagize?

FundiLenzi
Hapa ni kubahatisha. Usiagize kabla hujaiona kamera yenyewe. Ukipata, niandikie namba ya shata.

NyuziSita_Mwanga
Dada, kama gitaa la hapo mtaani hulichukui, mwambie mwenye nalo asubiri. Lina nyuzi za nailoni au za chuma? Na shingo yake imenyooka?