Majirani wa Langoni, Lamu: Lali hajaonekana Maskati

[20:47] Fundi Athman (Maskati): Assalaam alaikum jamaa. Lali hajarudi. Alitoka kazini saa kumi na moja jioni ya huku, akasema apitia dukani kununua vocha. Isha ishaswaliwa, hayupo, na simu haipatikani. Mamake sijampigia bado. Naomba mniongoze.

[20:49] Mwalimu Swaleh: Waalaikumu salaam. Andika saa zote kwa saa za Maskati, na useme wazi kuwa ni za Maskati. Wao wametangulia Lamu kwa saa moja, na ripoti nyingi huharibikia hapo: huyu anasema saa kumi, yule saa kumi na moja, polisi wanaona maneno hayalingani. Chukua daftari. Nani alimwona mwisho, wapi, saa ngapi, kavaa nini. Unayoyajua ukurasa mmoja, unayodhani ukurasa mwingine.

[20:50] Shee: Mimi nampigia tangu hapo, haingii. Wasapu tiki moja tu.

[20:52] Mwanaidi wa Simu: Shee, wacha kupiga. Tiki moja maana yake ujumbe haujafika kwenye simu yake: imezima, haina bando, au haina mtandao. Usisome zaidi ya hapo. Simu ikiwashwa na chaji kidogo, kisha mtaa mzima upige kwa pamoja, itazima kabla yeye hajapata nafasi ya kupiga. Athman peke yake amtumie SMS ya kawaida. SMS hungoja kwenye mtandao, ikaingia hata kama hana bando. Iwe fupi: "Lali, ni Athman. Uko wapi? Taja jina la mahali. Naja kukuchukua."

[20:53] Fundi Athman (Maskati): Nishatuma.

[20:54] Sista Rukia: Ana maradhi yoyote?

[20:54] Fundi Athman (Maskati): Pumu.

[20:57] Sista Rukia: Basi ingieni chumbani kwake watu wawili, si mmoja. Pigeni picha kila kitu kabla ya kugusa. Angalieni dawa ya kupulizia ipo au haipo. Angalieni chaja, pasipoti, kadi ya ukaazi, pesa, nguo za safari. Chaja na dawa zikiwa kitandani, mtu huyo hakuwa amepanga kulala nje. Na msitandike kitanda, msifagie.

[21:05] Fundi Athman (Maskati): Tumeingia mimi na Kassim. Chaja ipo, begi lipo, pasipoti iko chini ya mto. Dawa haipo, nadhani anayo mfukoni. Kadi ya ukaazi haipo.

[21:08] Sista Rukia: Hii ni Julai, na huko joto hupita nyuzi 40. Mtu aliyepigwa na joto huchanganyikiwa, anaweza kukaa kivulini akapotewa na njia ya nyumbani, au akaanguka mahali pasipo na watu. Tembeeni njia ile ile ya kutoka kazini hadi dukani, kwa miguu, si kwa gari. Kwenye gari hamtaona mtu aliyelala nyuma ya ukuta. Angalieni misikiti na vyoo vyake, vibanda vya ujenzi, vituo vya basi. Muwe wawili wawili, kila jozi na tochi na maji. Bondeni kwenye mkondo wa mvua msishuke usiku. Mkimkuta ana joto kali na haelewi maneno, piga 9999 kwanza, kisha mvueni nguo nzito, mmwagieni maji, mpepeeni. Asinyweshwe akiwa hana fahamu kamili.

[21:10] Ami Famau: Tajiri wake ashaambiwa?

[21:11] Fundi Athman (Maskati): Nimempigia. Amesema kama hatarudi kesho ataandikisha kuwa ametoroka kazi.

[21:15] Mwalimu Swaleh: Hapo ndipo penye hatari kubwa, na wengi hawapaoni. Kafili, yaani huyo tajiri anayemdhamini, akitangulia kuandikisha utoro, Lali kwenye kompyuta za serikali anakuwa mtu anayetafutwa. Hata akipatikana majeruhi, atapokewa kama mtoro wa kushikwa na kurudishwa kwao. Ripoti ya kupotea lazima itangulie ripoti ya kutoroka. Athman, nenda kituo cha polisi cha mtaa alikoonekana mwisho, usiku huu huu. Usingoje kupambazuke, wala hakuna haja ya kungoja saa 24. Ukipata namba ya ripoti, mtumie kafili kwa maandishi: "Mfanyakazi wako ameripotiwa kupotea, namba ni hii, ana pumu, pasipoti na begi lake viko chumbani." Kwa adabu, bila ugomvi. Mwenye namba ya ripoti mbele yake hufikiria mara mbili.

[21:16] Fundi Athman (Maskati): Kiarabu changu cha sokoni tu.

[21:18] Mwalimu Swaleh: Uliza kama kuna askari anayejua Kiswahili. Waomani wenye asili ya Unguja ni wengi, na wengi wao wanakisema. Lakini karatasi yenyewe iwe ya Kiarabu. Usitie sahihi usichokisoma. Na jina liwe la pasipoti, yote matatu kama yalivyoandikwa. "Lali wa Langoni" hawatamwona kwenye kompyuta. Namba ya pasipoti na ya kadi ndizo zinazotafutika.

[21:20] Shee: Nimemuweka Facebook na namba ya mamake, watu wasambaze.

[21:22] Mwanaidi wa Simu: Itoe, yakhe, sasa hivi. Namba ya mama ikishakuwa hadharani, wataanza kupiga watu wa "tunaye mwanao, tuma elfu hamsini ya hospitali". Wanaokota jina na picha hapo hapo ulipoandika, wanajifanya maaskari au madaktari. Yeyote akipiga, hatumiwi hata shilingi. Anaulizwa jambo moja ambalo Lali pekee analijua na halipo mtandaoni, na namba yake inaandikwa kwenye daftari la Athman.

[21:23] Shee: Nimeitoa.

[21:25] Mwanaidi wa Simu: Shukran. Mama ana lile boksi la simu ya Lali? Ubavuni pana kibandiko chenye IMEI, namba za tarakimu 15. Polisi wanaweza kufuatilia simu kwa hiyo hata laini ikibadilishwa. Kupiga *#06# kunatoa namba ile ile, ila inabidi simu yenyewe iwe mkononi, ndiyo maana boksi lina thamani.

[21:26] Bi Mwanaesha: Mimi naenda kwake sasa na dadake. Nitamweleza mwenyewe ana kwa ana. Nawaomba mtu mwingine asimpigie. Akipigiwa na watu kumi kwa maneno kumi atapandwa na presha.

[21:30] Sista Rukia: Kuhusu hospitali, msiulize "Lali yupo?" Mtu aliyeletwa bila fahamu na bila karatasi huandikwa asiyejulikana. Ulizeni: "Kuna mwanamume asiyejulikana, kijana wa Kiafrika, aliyeingizwa baada ya saa kumi na moja jioni?" Tajeni kovu, meno, urefu, nguo. Anzeni na Khoula, maana majeruhi wa ajali kubwa Maskati hupelekwa huko, kisha ile iliyo karibu na kazini. Mtu aende kwa miguu yake, simu ya mapokezi usiku haitoshi. Zamu ikibadilika asubuhi, rudini muulize upya.

[21:34] Ami Famau: Leo Alhamisi. Kesho huko si mapumziko?

[21:38] Mwalimu Swaleh: Ndiyo, ofisi za serikali Oman hufungwa Ijumaa na Jumamosi. Polisi na hospitali hazifungwi. Ubalozi wetu Maskati upigiwe namba ya dharura usiku huu, na barua pepe itumwe pia ili pabaki maandishi. Nairobi kesho ni siku ya kazi, kwa hivyo Ami, wewe nenda kituoni Lamu uandikishe, upate OB namba, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, na asubuhi tuipeleke Idara ya Masuala ya Diaspora. OB ndiyo itakayowawezesha polisi wa hapa kuomba msaada wa Interpol. Njia hiyo ni ya polepole, msiitegemee kwa usiku wa leo.

[21:40] Ami Famau: Barua iwe na nini?

[21:44] Mwalimu Swaleh: Ukurasa mmoja. Jina la pasipoti, namba ya pasipoti na ya kadi, tarehe ya kuzaliwa, jina la kafili na simu yake, mahali pa kazi na pa kulala, namba za simu za Lali na IMEI, saa ya mwisho kuonekana, nguo, pumu, namba ya ripoti ya Maskati. Picha ya karibuni akiwa na nguo za kazi, si ile ya kanzu ya harusi. Mwisho jina na kitambulisho cha mamake. Na muombe jambo moja waziwazi: ubalozi uwaulize polisi kwa namba ya pasipoti kama yuko mahabusu. Mkataba wa Vienna wa 1963, kifungu cha 36, unampa aliyeshikwa haki ya ubalozi wake kujulishwa, lakini mpaka aombe mwenyewe, na vijana wengi hawajui kuomba.

[22:09] Bi Mwanaesha: Boksi limepatikana kabatini. Picha ya kibandiko hiyo, mwisho ni 47. Mama anasema ana kovu la tezo goti la kushoto, na jino la mbele limemeguka.

[22:13] Fundi Athman (Maskati): Niko kituoni, askari anasema Kiswahili. Nimempa IMEI na kovu. Kassim yuko Khoula. Mwenye duka la vocha ana kamera, anasema hufuta picha zake zenyewe baada ya siku chache.

[22:14] Mwanaidi wa Simu: Mwambie askari aandike hilo la kamera ndani ya ripoti. Mwenye duka hatakupa wewe, polisi atawapa.

[22:31] Fundi Athman (Maskati): Limeandikwa. Namba ya ripoti nimepata, nimeituma kwa kafili na kwa Ami. Kafili amejibu: atasubiri.

[22:33] Ami Famau: Nami niko kaunta ya polisi hapa, wanaandika OB. Athman, nitumie jina la pasipoti herufi kwa herufi.